Muulize Mzee wa Barua: Muuzaji anataka nilipe kesho

SWALI: Shikamoo, mzee. Nimeanza kukusanya barua za mkono za wavumbuzi wa zamani. Nimepata muuzaji mwenye barua ya Thomas Edison ya mwaka 1889, kurasa mbili. Saini ina ule mstari uliopinda juu ya jina kama mwavuli. Ananihimiza nilipe kesho. Niichukue?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kesho kuna nini? Barua imengoja zaidi ya miaka 130, haitashindwa kungoja wiki moja.

Huo mwavuli usikulevye, maana waghushi wote huanza kujifunza hapo hapo. Wewe funika saini kwa kiganja, kisha utazame mistari mingine. Edison alikuwa mpiga telegrafu ujanani, akinakili habari mbio mbio; mkono wake ukazoea herufi ndogo, zilizosimama wima, zinazosomeka bila taabu. Mghushi haandiki, anachora. Chukua kioo cha kukuzia utaona wino unatetemeka, na kalamu imeinuliwa katikati ya herufi pasipo sababu.

Halafu zima taa, umulike karatasi kwa ile taa ya kukagulia noti. Ikiwaka weupe wa kibuluu, irudishe: mwako huo hutokana na dawa ya kung'arisha karatasi, nayo ilienea miaka ya 1950, na Edison alifariki 1931. Isipowaka, usishangilie. Wajanja hukata kurasa tupu kutoka vitabu vikuukuu.

Mimi nililiwa kwa barua ya Alexander Graham Bell. Nikaitia fremu, wageni wakija nawapeleka ukutani hata kabla ya chai. Miezi saba! Siku ya kubadilisha kioo nikapapasa mgongo wa karatasi: laini tupu, hakuna mahali kalamu ilipokandamiza. Nikaichungulia kwa kioo cha kukuzia, nikaona vitone vya mtambo wa kuchapia. Muuzaji simu yake haikupatikana tena.

Nilijifariji kwa Michel Chasles, bingwa wa hesabu wa Ufaransa. Vrain-Denis Lucas alimuuzia maelfu ya barua za kughushi, nyingine eti za Pascal, aliyeunda mashine ya kujumlisha, na nyingine za Cleopatra. Kwa Kifaransa! Lucas alihukumiwa kifungo mwaka 1870.

Kwa hiyo mwombe muuzaji picha ya mgongo wa kila ukurasa, na akueleze barua ilipitia mikono ya nani hadi kumfikia yeye. Akianza kukasirika, mwachie barua yake, na kesho yake pia.