Madoido ya masta kontroli: panga sauti kabla ya picha

Anayeingia masta kontroli (chumba cha kituo cha televisheni ambamo vipindi na matangazo hupangwa na kurushwa hewani) kwa mara ya kwanza huvutiwa na vitufe vya kuchezea picha: kuiminya, kuisukumia kona, kuiyeyusha juu ya nyingine. Ni haki yake, vinafurahisha. Lakini katika miaka yangu kwenye kiti hicho, watazamaji wanaopiga simu kulalamika mara nyingi wamekuwa wakilalamikia sauti. Ndiyo maana kila napopanga madoido ya picha, hujiuliza kwanza sauti itakuwa inafanya nini wakati huo.

Tuchukue lile linalotumika kila siku, kuminya picha mwishoni mwa kipindi majina ya wahusika yanapopita. Picha inasinyaa upande mmoja, nafasi iliyobaki inajazwa na tangazo la kipindi kijacho, na msomaji, yaani mwenye sauti ya kutangaza kipindi hicho, anaongea juu ya muziki. Kwa macho ni jambo la sekunde moja. Kwa masikio kuna maamuzi kadhaa: muziki ushuke lini, ushuke kiasi gani, urudi vipi. Mimi huanza kuushusha kama nusu sekunde kabla msomaji hajafungua kinywa, na huushusha kati ya desibeli (kipimo cha nguvu ya sauti) 12 na 15. Ukishusha 6 tu, maneno yanagombana na ngoma. Ukishusha 25, aliye nyumbani anaona kama sauti imekatika.

Kurudisha ndiko wengi wanakoharibu. Msomaji huvuta pumzi kati ya sentensi, na swicha (mashine ya kubadilisha na kuchanganya picha na sauti) iliyopangwa kurudisha muziki haraka itaupandisha kwenye kila pumzi, kisha iushushe tena, mpaka muziki usikike kama mtu anayehema baada ya kukimbia. Upe muziki sekunde moja au zaidi ya kurudi. Na kama kipindi ni cha sauti ya 5.1, yaani ya njia sita za spika kumzunguka msikilizaji, hakikisha njia zote zinashuka, si kushoto na kulia peke yake. Mazungumzo ya kipindi kwa kawaida hukaa njia ya kati. Ukiiacha juu, mwigizaji na msomaji wako watasemeshana hewani. Anayesikiliza kwa spika mbili tu chumbani anaweza asigundue chanzo, kwa hiyo angalia mita za njia zote sita.

Halafu kuna suala la kuchelewa. Kifaa cha kuminya picha kwa kawaida huitunza fremu (picha moja kati ya zile zinazofuatana kwa kasi) ndipo kiichore upya kwa udogo. Kwenye mfumo wa fremu 25 kwa sekunde, fremu moja ni milisekunde 40. Sauti isipocheleweshwa kiasi hicho hicho, inatangulia midomo. Pendekezo R37 la EBU, umoja wa watangazaji wa Ulaya, linavumilia sauti kutangulia picha kwa milisekunde 40 na kuchelewa kwa 60, na hiyo ni kwa mnyororo mzima hadi mwisho, si kwa chumba chako peke yako. Tofauti ya namba hizo ina mantiki: mtu akipiga nyundo mbali nawe, unaona kwanza ndipo unasikia, kwa hiyo ubongo umezoea sauti iliyochelewa kidogo. Iliyotangulia haijazoeleka popote.

Ushauri wangu hapa ni mkali kidogo: ikiwezekana, acha kifaa hicho kwenye njia ya mawimbi muda wote, hata picha ikiwa nzima, na sauti icheleweshwe muda wote. Mifumo inayokiingiza na kukitoa kila mara hulazimika kurekebisha sauti kila mara, na mrukio huo husikika. Pima kwa kanda ya mtu anayepiga makofi, picha ikiwa nzima na ikiwa imeminywa.

Mipito ya kawaida haihitaji maneno mengi. Kata kwa kata ndani ya matangazo ya biashara. Kutoka kipindi kwenda tangazo, fifisha hadi nyeusi kisha panda. Sauti ikikatwa ghafla katikati ya wimbi, hutoa mlio wa "tik", na ndiyo sababu swicha nyingi huficha mfifisho mfupi wa milisekunde chache hata unapobonyeza kata. Usiuzime. Ila sauti iliyobanwa kwa Dolby E (mfumo wa kupitisha njia nyingi za sauti kwenye waya wa njia mbili) haififishwi wala haishushwi: ndani ya waya ile ni data, na ukiigusa utapata kelele au kimya. Ifumbue kwanza ndipo uichanganye, na ukumbuke kwamba kuifumbua nako kunakula fremu moja.

Ukubwa wa sauti kati ya kipindi na tangazo usiusahihishe kwa kidole hewani. Faili zipimwe kabla hazijaingia kwenye seva. Ulaya wengi hufuata EBU R 128, yaani LUFS -23 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia). Marekani hutumia -24, na sheria yao iitwayo CALM Act, iliyoanza kutekelezwa Desemba 2012, inakataza matangazo ya biashara kupiga kelele kuliko vipindi. Kidole kinachofukuzana na mita hushusha hata mnong'ono ambao mwongozaji aliutaka uwe mnong'ono.

Nembo ya kituo, kwa upande wake, inakuja kwa mawimbi mawili: moja la picha yenyewe, jingine la kuiambia swicha wapi papenye na wapi pazibe. Ukiona ukingo mweusi mwembamba kuizunguka, uwezekano mkubwa ni kwamba mchoro ulishazidishwa na uwazi wake huko ulikochorwa, na swicha inauzidisha mara ya pili. Wachora michoro na mafundi hubishana sana kuhusu hili (nimeshuhudia mabishano ya asubuhi nzima), wakati jibu ni tiki moja kwenye menyu ya swicha. Ibadilishe, kisha itazame nembo juu ya picha nyeupe, maana juu ya nyeusi ukingo ule hauonekani.

Na msomaji wa sauti akirekodi upya maneno yake dakika za mwisho, sikiliza faili jipya hadi mwisho kabla ya kulipanga. Mara nyingi limerefuka, na picha inarudi kuwa nzima yeye akiwa bado anaongea.