Aliyeumia uti wa mgongo akirudi nyumbani: ngozi, mkojo na zamu za usiku

Mtu aliyepooza miguu kwa kuumia uti wa mgongo hana haja ya kuishi kwenye kituo cha matunzo. Kinachowafanya ndugu waseme "tumeshindwa" mara nyingi ni kidonda cha kulalia au mkojo uliochafuka, na yote mawili huzuilika nyumbani. Ila kazi ianze angali wodini: watu wawili wa nyumbani, si mmoja, wafundishwe na muuguzi, kisha wafanye kwa mikono yao huku muuguzi akitazama.

Kitandani hugeuzwa kila baada ya saa mbili, usiku pia: ubavu wa kushoto, chali, ubavu wa kulia. Asilazwe ubavu moja kwa moja, maana nyonga itabeba uzito wote; mwegemeze kidogo tu, mto ukiwa mgongoni. Weka mto mwingine katikati ya magoti, na mwingine chini ya vigimbi ili visigino visiguse godoro kabisa. Godoro nalo lipimwe: pitisha kiganja kati yake na chaga, pale kitako kilipo. Ukihisi mfupa, limekwisha, hata kama kwa juu linaonekana zima.

Asubuhi na jioni kagua kitokono, nyonga, vifundo na visigino. Maelekezo mengi husema utafute wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Tafuta palipokoza weusi kuliko pembeni, kisha paguse kwa mgongo wa kiganja: pakiwa na joto, ugumu au uvimbe, hapo hapalaliwi tena mpaka parudi kama kawaida. Usipachue wala kupasugua kwa mafuta. Nyama iliyokosa damu huzidi kuumia kwa ndani. Na ile ngata ya kitenge anayowekewa akalie, iondoe. Hubana damu kuzunguka palepale unapotaka kupaponya. Akiwa kwenye kiti cha magurudumu, ainame mbele kila baada ya dakika 15 hadi 30, akae hivyo dakika mbili hivi.

Anayetolewa mkojo kwa mpira wa kuingiza na kutoa, ratiba ni kila saa nne hadi sita. Pima unachotoa. Kikizidi mililita 500 mara kwa mara, fupisha muda kati ya mara moja na nyingine. Kosa la kawaida ni kumnyima maji ili mkojo upungue. Mkojo mzito huleta maambukizi na mawe. Mwenye mpira wa kudumu, mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu lakini usiguse sakafu.

Aliyeumia usawa wa pingili ya sita ya kifua au juu yake ana hatari moja ambayo kila mtu wa nyumba hiyo aijue. Akianza ghafla kuumwa kichwa cha kugonga, uso ukawaka na jasho likamtoka, presha imepanda. Usimlaze! Mketishe wima, miguu ining'inie, legeza mkanda na nguo, kisha fuata mpira wa mkojo kwa vidole toka mwanzo hadi mwisho: umejikunja, au ameukalia? Mkojo ukitoka, mara nyingi kichwa hutulia. Usipotoka au asipotulia, ni hospitali saa hiyohiyo, kwani presha hiyo huweza kuleta kiharusi.

Mlango wenye upana wa sentimita 80 unatosha kiti cha magurudumu kupita. Kizingiti cha sentimita 15 kinataka mteremko wa mita 1.8, mfupi zaidi ya hapo atarudi nyuma na kiti.

Kifungu cha 19 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006 kinampa haki ya kuchagua aishi wapi na nani, lakini hakimgeuzi mtu saa nane za usiku. Mama au mke akiachiwa usiku zote, mwezi wa pili mgongo wake unakuwa mgonjwa wa pili. Gaweni: mmoja hadi saa saba, mwingine hadi alfajiri, na usiku mmoja kwa wiki shemeji au jirani aliyefundishwa ashike. Ngozi ikivumilia, ongeza nusu saa kati ya kumgeuza mara moja na nyingine, kagua asubuhi, kisha ongeza tena. Simu yenye kengele na kioo cha kujikagulia vikae kwa mwenyewe. Yeye ndiye wa kuamsha watu, na ndiye wa kusema wapi pamebanwa.