Vijana wananyamaza kwa sababu mkuu ameshasema

Dada, umeuliza kwa nini vijana wenu walioko Moshi wananyamaza kwenye vikao vya mtandaoni, halafu baadaye unagundua walijua jibu tangu mwanzo. Mimi nisingewalaumu. Tazama ni nani anayeanza kusema.

Timu yetu ilikuwa ikichora ramani ya mifereji ya asili kule juu Marangu, wengine tukiwa Arusha. Mhandisi mkuu alituma rasimu kwenye kundi la WhatsApp, na papo hapo zikafuatana "sawa mkuu", "nakubaliana". Kijana mmoja aliyekulia hukohuko alijua mfereji mmoja ulishahamishwa. Aliniambia faragha, wiki mbili baadaye. Atamsahihishaje mkubwa mbele ya watu ishirini, tena kwa maandishi yanayobaki? Wangekuwa pamoja, angetoa shikamoo yake, akamvuta pembeni, yakaisha.

Hata pasipo woga tatizo lipo. Watafiti wa saikolojia Stasser na Titus walionyesha mwaka 1985 kwamba vikundi huelekea kujadili yale ambayo wote wanayajua tayari. Anachokijua mmoja hubaki kwake.

Siku hizi mkuu wetu anasema wa mwisho. Na hatuulizi tena "kuna maoni?" Anaulizwa mtu kwa jina, juu ya eneo lake: "Wewe unaujua mteremko huu, maji yanapita wapi?" Akiulizwa hivyo haonekani mjuaji. Anzeni na hilo la mkuu kusubiri, ingawa najua ndilo gumu zaidi kumwambia.