Mji wa Songo Mnara, ramani yake ilipatikanaje?

Kaka, umeuliza wanaakiolojia wamejuaje mji wa Songo Mnara, ule wa kisiwani karibu na Kilwa, ulivyopangwa wakati kilichobaki ni magofu na mibuyu. Kuta za mawe ya matumbawe ndiyo kazi rahisi. Unapima ukuta, unaufuata hadi mlangoni, unajua nyumba hii ilipakana na ipi. Tena mji ule ulikaliwa tangu mwishoni mwa karne ya 14 hadi karne ya 16, kisha ukahamwa. Hakuna mji mwingine uliokuja kuufunika.

Jasho liko kwenye viwanja vilivyo wazi kati ya nyumba za mawe. Ramani za zamani ziliviacha vitupu, kana kwamba hapakuishi mtu. Sisi wa Kilwa tunajua nyumba ya kukandika ikianguka, masika mbili tatu huoni hata alama. Basi wanaakiolojia walitembeza kifaa cha kupima usumaku wa ardhi, hatua kwa hatua. Udongo uliopigwa na moto, wa jikoni au wa mafundi chuma, huwa na usumaku tofauti na mchanga ulio kando yake. Palipoonyesha dalili wakachimba, na nyumba za miti na udongo zikajitokeza. Udongo wenyewe nao hupimwa: fosfeti, kemikali inayobaki udongoni, ikizidi, hapo palimwagwa taka au palilala mifugo.

Katikati ya mji, wenyeji wa enzi hizo waliacha uwazi wa makaburi na msikiti mdogo, na nyumba za mawe zimeuzunguka. Mimi nadhani huo haukuwa uwanja uliobaki kwa bahati, walipanga hivyo. Ukienda, panda boti Kilwa Masoko, anza na hapo.