Maswali yenu: kuunda mawimbi ya sauti kwa visanduku na nyaya

Tangu nieleze hapa kuhusu Pure Data, programu ya kuunda sauti kwa kuweka visanduku na kuviunga kwa nyaya badala ya kuandika mistari ya kodi, maswali yamekuja kutoka Unguja na Pemba. Nimechagua manne.

Asalaam aleikum Maalim. Mimi ni mwanafunzi wa skuli hapa Wete. Pesa ya kununua programu sina, na bando langu ni dogo. Naanzaje? (Wete)

Waaleikum salaam, mwanangu. Pure Data ni ya bure. Aliianzisha Miller Puckette katika miaka ya 1990, inakwenda kwenye Windows, Mac na Linux, na ukishaishusha mara moja huhitaji tena intaneti. Hata laptopu kuukuu inaimudu.

Fungua ukurasa mpya, bonyeza Ctrl na 1 upate kisanduku, uandike osc~ 440. Chini yake weka *~ 0.1, cha kupunguza sauti, na chini zaidi dac~, cha kuipeleka kwenye spika. Vuta waya kutoka cha kwanza hadi cha pili. Kutoka cha pili vuta nyaya mbili, moja kwa kila tundu la dac~, kushoto na kulia. Umepata wimbi la saini, lile laini lisilo kona, linalopanda na kushuka mara 440 kwa sekunde, yaani hezi 440. Hiyo 0.1 usiiondoe: osc~ hutoa wimbi zima kutoka -1 hadi 1, na ukivaa hedifoni litakuumiza masikio.

Nimefuata kila kitu, lakini kimya. (Mwanakwerekwe)

Kwenye dirisha kuu la programu pana alama ya DSP, swichi ya kuwasha sauti. Itie tiki. Halafu tazama osc~ yako: ukiiacha bila namba huanza na 0, na wimbi la hezi 0 halitikisiki, kwa hiyo hakuna cha kusikia.

Mimi napiga fidla katika kikundi cha taarab. Kinanda chetu cha umeme kinaniudhi tukiingia kwenye bayati, mojawapo ya ngazi za sauti za Kiarabu; ile sauti ya pili ya ngazi hiyo hakina. Programu hii inayo? (Ng'ambo)

Ndugu yangu, swali lako limenifurahisha kuliko yote. Kinanda cha kawaida kimeigawa oktava (toka Do hadi Do ya juu yake) vipande 12 vilivyo sawa. Bayati ikianzia Re, sauti yake ya pili hukaa baina ya Mi bemoli (Mi iliyoshushwa nusu hatua) na Mi, na hapo kinanda hakina cha kubonyeza. Pure Data haifungwi na vitufe. Kisanduku cha mtof hugeuza namba ya noti kuwa hezi: 62 ni Re, karibu hezi 293.7, 63 ni Mi bemoli, 311.1, 64 ni Mi, 329.6. Kipe 63.5, kitakujibu kama 320.2. Kiunge na osc~, usikilize.

Lakini 63.5 usiifanye sheria. Wapigaji wa udi na kanuni, zile ala za nyuzi, hawaipimi nafasi ile kwa rula. Huishusha au kuipandisha kidogo kwa jinsi wimbo unavyokwenda. Kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa hapa Zanzibar kipo tangu 1905, na masikio ya taarab yamelelewa kwa kusikiliza wakubwa. Basi chukua rekodi ya mpigaji unayemwamini, tafuta mahali anaposhikilia noti ndefu, na osc~ ilie pamoja naye kwa sauti ndogo. Shika Shift huku ukiburuta kisanduku cha namba, namba itasogea kwa 0.01. Sauti mbili zikiachana kwa hezi 2, utasikia zinavimba na kunywea mara 2 kwa sekunde. Kadiri unavyokaribia, kule kuvimba kunapungua kasi, mwisho kunatulia. Hapo umeipata sauti yake yeye, na unaweza kumwekea mwanafunzi wako aizoee kila siku. Natamani sana vikundi vyetu vifanye kazi hii wakati wazee wanaoweza kusema "hapo, sawasawa" bado tunao.

Nasomea umeme. Naweza kuitumia maabara badala ya jenereta ya mawimbi? (Mbweni)

Kwa mambo ya sauti, ndiyo. Wimbi la mraba linapatikana kwa kuunga phasor~ 200 na expr~ ($v1 > 0.5) * 2 - 1, kisha *~ 0.1 kama kawaida. Mipaka yake ni ya kadi ya sauti. Nyingi huzuia umeme usiobadilika, kwa hiyo mawimbi ya polepole mno hufifia. Na kwa sampuli (vipimo vya wimbi) 44,100 kwa sekunde, kitu cha zaidi ya hezi 22,050 hakiwezi kutoka kilivyo, hugeuka na kurudi chini. Phasor~ yenyewe ni wimbi la msumeno, lenye sauti za juu zinazofuatana: mara 2 ya ile ya msingi, mara 3, na kuendelea. Ipandishe hadi 5,000 usikie. Sauti yake ya nane ingekuwa 40,000, lakini inatokea kwenye 4,100, chini ya ile uliyoiomba. Ukihitaji sauti safi ya msumeno wa juu hivyo, jumlisha osc~ nne za 5,000, 10,000, 15,000 na 20,000, kwa nguvu za 1, nusu, theluthi na robo. Na tundu la hedifoni usiliunge kamwe na sakiti yenye umeme wake bila kinga; unaweza kuiua kompyuta.