Bomba moja, miti mitatu

Kwa misimu miwili nilipiga dawa miembe yangu huku Mkuranga kwa hesabu moja tu: bomba la mgongoni la lita 16, miti mitatu, twende. Ekari moja yenye miti 63, nafasi mita 8 kwa 8, ilikula mabomba 21. Lita 336. Nikajiona fundi.

Msimu wa pili ugonjwa wa ubwiriunga ukaniumbua. Vishada vya maua juu kwenye miembe mikubwa vilikuwa vyeupe pee, kama vimenyunyiziwa unga wa sembe. Chini ya miembe midogo, dawa ilikuwa imechuruzika hadi udongo umelowa.

Ndipo nikapima. Fanya na wewe, asubuhi upepo ukiwa umetulia, kwa maji matupu. Jaza bomba hadi alama unayoijua. Chagua mti mmoja mdogo, mmoja wa kati, mmoja mkubwa. Piga pande zote, ndani na juu, mpaka majani yalowe. Matone yakitaka kuanza kudondoka kwenye ncha za majani, acha. Kisha jazia tena kwa jagi lenye vipimo, uone yamekwenda maji kiasi gani. Mimi nilipata lita 2, lita 4.5 na lita 9.

Nina midogo 20, ya kati 28, mikubwa 15. Jumla lita 301. Kumbe maji hayakuwa machache hata kidogo! Nilikuwa nampakulia mtoto sahani ya mtu mzima, na mtu mzima anashinda njaa.

Usisahau nozeli, ile ncha ya bomba inayorushia dawa. Kinga maji yake kwa dakika moja kwenye chombo cha kupimia, ulinganishe na nozeli mpya. Ikizidi kwa asilimia 10, imelika, itupe, haina urafiki.

Ukihamia bomba la injini lenye ukungu mwembamba, maji kwa kila mti hupungua sana. Ukichanganya dawa vilevile kama ya bomba la mgongoni, mti utapata dawa pungufu. Soma lebo au muulize afisa ugani kabla hujaongeza ukali kwa kukisia.

Siku hizi miti nimeifunga vitambaa vya rangi tatu, kijana anayepiga dawa asibahatishe. Na kila nikipogoa, napima upya: mwembe mmoja wa lita 9 umeshuka hadi 6, nikaubadilishia kitambaa.