Jibu: Kwa nini vijana hawakai dukani kwangu?
Ndugu, umesema vijana watatu wamekuacha ndani ya mwaka mmoja, na hali unawalipa kuliko jirani zako hapo Kikuubo, Kampala. Nami nikuulize: michango yao ya NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii wa Uganda, unaipeleka? Tangu sheria irekebishwe mwaka 2022, hata mwenye mfanyakazi mmoja anapaswa kuchanga, asilimia 10 ya mshahara kutoka kwako na 5 kutoka kwa mfanyakazi. Vijana wa siku hizi wanaangalia salio kwenye simu, usidhani hawajui. Mimi mahali fulani nilikatwa hizo 5 kila mwezi, kumbe hazikufika kokote. Niliondoka bila kuaga.

Likizo nayo: siku 7 kwa kila miezi 4 ni haki yao, si hisani ya bosi. Halafu zile meseji za WhatsApp saa nne usiku, "kesho njoo mapema", zinachosha kuliko kubeba mizigo. Wape ratiba ya wiki nzima, maana wengine wanasoma jioni, wengine wana boda ya pembeni.

Mshahara ni muhimu, sikatai, ila mwenye nyumba anakuja tarehe ileile kila mwezi. Wewe kwani unawalipa tarehe ngapi?